Majalada Yasiyo na Mlinzi

Wenzangu chuoni hukusanya vitabu. Mimi hukusanya majarida ya zamani yenye majalada ya michoro, na mengi nimeyapata nyumbani, Ndandalo wilayani Kyela, kwa wauza karanga waliokuwa wakiyachana ili kufungia bidhaa zao. Huulizwa mara kwa mara: mhadhiri mzima ana shughuli gani na katuni?

Jibu langu ni la kisiasa. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Lilimweleza msomaji yale ambayo mtawala alitaka ayajue. Baada ya uhuru, magazeti ya chama na serikali yalisheheni hotuba. Lakini ukilifungua Sani, jarida lililopata jina kutokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, unakutana na raia wasiosubiri kuhutubiwa: Lodi Lofa, ambaye jina lake limebeba ubwana na ukosefu kwa pamoja, Ndumilakuwili, ambaye jina lake limekwisha kutoa hukumu. Hawa hawakuwamo katika mpango wowote wa maendeleo, ingawa kila mtaa uliwajua. Nairobi nako, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe mwaka 1973, wakampa mwananchi wa kawaida nafasi ya kuyacheka yale ambayo kuyalalamikia kulikuwa na gharama.

Mtafiti wa uchumi wetu baada ya vita vya Kagera atapata takwimu za uhaba wa bidhaa. Hatapata humo namna watu walivyovaa, walivyotaniana, wala walivyowacheka wakubwa. Hayo yamo katika michoro.

Tatizo ni hifadhi. Kyela ni bonde la joto na mvua nyingi; karatasi hushika ukungu, na mchwa hawangoji bajeti. Sheria huwataka wachapishaji kuwasilisha nakala maktaba ya taifa, lakini sheria haiirudishi nakala iliyokwisha kufungia vitumbua. Zangu zimo katika sanduku la bati, nami najua kwamba hiyo si hifadhi. Ni kuahirisha maziko.

Ndugu mtumishi wa halmashauri, hatuombi jengo jipya. Kabati kavu, daftari la orodha na kamera ya simu vyatosha kuanzia. Nawe mwanafunzi unayetafuta mada ya tasnifu, anzia kwenye sanduku la mjomba wako, kabla muuza karanga hajalifikia.