Semboja na Majina Yasiyotajwa

Semboja wa Mazinde alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa Simba Mwene, yaani mfalme, wa Vugha. Msiba juu ya msiba. Lakini sisi tuliozaliwa Usambara tukimkumbuka mzee huyu, machozi hayajui pa kuelekea. Tumlilie yeye, mtawala ambaye wageni walilazimika kumpigia hodi, au tuwalilie watu wetu waliopitishwa mlangoni kwake wakiwa wamefungwa?

Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala muda mrefu sana, na neno lake lilisikika kutoka Vugha hadi karibu na pwani. Mmisionari Krapf alimfuata Vugha mwaka 1848. Wasafiri Burton na Speke wakamkuta mzee hoi mwaka 1857. Alioa kila upande wa nchi, kisha akawapa wanawe sehemu za kutawala, kila mmoja akitegemea wajomba zake wa hapohapo. Utaratibu huo ulisimama kwa sababu baba alikuwa hai. Mwanawe Mshuza, aliyetazamiwa kurithi, akatangulia kufa. Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, kijana ambaye baba zake wakubwa na wadogo walitakiwa sasa kumwinamia. Kwa maoni yangu ufalme ulianza kupotea kwenye kaburi la Mshuza, kabla hata ya kaburi la mzee mwenyewe.

Semboja hakukubali kumwinamia mtoto wa ndugu yake. Alikaa Mazinde, chini kwenye joto, ambako misafara iliyotoka Pangani kuelekea Kilimanjaro ilipita chini ya mlima. Mlimani utawala ulikuwa mvua, kodi ya mifugo, na heshima ya Vugha. Mazinde ulikuwa bunduki, baruti, vitambaa na pembe. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliitwaa Vugha, Shekulwavu akakimbia, na kwenye kiti akaketishwa Kimweri Maguvu, mwanawe Semboja. Yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Hapo ndipo ninapomwona alivyokuwa: aliupata ufalme wa baba yake, asiutake kuukalia, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba nguvu imeshuka mlima.

Bunduki zilikuwa na bei yake, na sehemu kubwa ya bei hiyo ilikuwa watu. Upande wa Shekulwavu nao ulihitaji silaha, na Wabondei wakainuka dhidi ya Wakilindi, ukoo wa watawala hawa, katika vita vilivyoitwa Kiluwa. Mateka wa upande huu wakauzwa, wa upande ule wakauzwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja, lakini huku bara biashara iliendelea. Wazee wa Kishambaa husema mtawala mmoja mwenye nguvu huiponya nchi, na watawala wawili wanaoshindana huiharibu. Njaa huja, watu hupungua. Wakisema hivyo wanazungumzia miaka hiyo, wala si hadithi ya kufundishia watoto.

Tuna bahati ya kitabu kimoja. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyeishi na watawala hawa na kuwatumikia, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, na wamisionari wa Magila wakaichapisha. Mle wamo Mbegha mwindaji, Kimweri, Semboja na ugomvi wao wote. Namshukuru mwandishi yule kwa moyo wote. Hata hivyo ni kitabu cha Wakilindi, na mwanamke aliyekamatwa akichota maji hakuwa Mkilindi.

Hata huko kwetu mlimani, Zirai, nimekaa kwenye matanga nikamsikiliza mzee wa ukoo akiwataja waliotangulia. Anataja taratibu, kidole kikigusa goti kwa kila jina. Anapofika kizazi cha vita hivyo anataja wawili, anasema "na wenzao," kisha anaendelea na watoto wao. Wenzao ni nani? Nilipomuuliza faraghani alisema walikwenda pwani. Hakuna aliyewazika, hakuna tanga lililokaliwa kwa ajili yao, na mpaka leo hatuna siku ya kuwaombea.

Semboja alikuwa na akili kuliko ndugu zake wote, na akili hiyo ilitugharimu watu wetu. Nasema hivyo bila kumtukana, kwani na yeye ni marehemu na ni wa kwetu.

Ndugu msomaji, kama una mzee bado Zirai, Vugha, Bumbuli au popote mlimani, nenda ukamuulize wenzao walikuwa nani. Huenda analikumbuka jina moja, au la mama tu. Liandike, na tanga lijalo lisomwe pamoja na mengine.