Kondoo 14, ekari mbili na kofia za mama

Najua nimepotea, lakini wiki mbili za mitihani si mchezo, na pesa za mkopo zilipokwama mnajua wenyewe. Leo nataka niwajibu wote mnaonisimamisha pale kantini na swali moja: hizi kofia za sufu unazitoa wapi, na mbona ni 600 wakati mtumbani Nakuru sweta nzima unaipata kwa 150? Swali halali kabisa. Vuteni viti.

Nyumbani ni Kinangop, si mbali na Engineer, kule ambako mwezi wa saba ukitoa mkono nje ya blanketi unaujutia. Mama ana ekari tatu. Moja ni ya chakula chetu, mbili ni malisho ya kondoo 14 aina ya Corriedale. Hawa walizalishwa New Zealand karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, ili mkulima apate nyama na sufu kwa mnyama mmoja. Wale kondoo wekundu wa Kimaasai wanastahimili minyoo kuwaliko, lakini wao wana nywele tu. Hapo huna cha kufuma.

Na msidhani kondoo ni wa kuachilia tu popote. Sisi tunaosoma hapa Njoro tunalala kwenye historia. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 hapa hapa, akaleta Merino kutoka ng'ambo, wakafa kwa wingi. Wamaasai walikuwa wakiyakwepa malisho hayo. Baadaye ndiyo ikajulikana kwamba udongo wa upande huu umepungukiwa na madini, hasa kobalti. Kwa hiyo mama akinunua chumvi ya mifugo kabla ya kununua sukari ya nyumbani, simcheki tena.

Sasa hesabu. Kondoo wetu hunyolewa mara moja kwa mwaka, wakati wa jua la Januari na Februari. Kila mmoja anatoa kama kilo tatu. Mwaka jana mnunuzi mmoja alipita akisema shilingi 50 kwa kilo. Yaani kilo 42, shilingi 2,100. Mnyoaji anachukua 100 kwa kila kondoo, hizo ni 1,400. Unabaki na 700 kwa mwaka mzima! Mama alimkaribisha chai, akamshukuru, akafunga magunia yake.

Hapo ndipo kofia zilipozaliwa. Sufu mbichi ina mafuta, mavi na miiba. Unaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni bila kuisugua, unaianika kivulini, unaichana kwa brashi zenye meno ya waya, halafu unasokota uzi kwa gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Ndiyo, nasokota pia, mwanaume mzima, chekeni mkichoka tuendelee. Rangi ya dhahabu mnayoipenda ni maganda ya vitunguu kutoka jikoni kwa kantini hii hii. Nayapeleka nyumbani kwa gunia, mama anayachemsha na kuweka shabu ili rangi ishike. Sufu ya tumboni, ile chafu isiyosokoteka, inazikwa shambani kwenye mashina ya kabichi. Ina naitrojeni na inashika unyevu.

Katika zile kilo tatu, ukishaosha na kuchambua unabaki na kilo moja na nusu ya uzi. Kofia moja inakula gramu 100, kwa hiyo kondoo mmoja ni kofia 15, shilingi 9,000 badala ya 150. Mkisikia hivyo mnaona tumetajirika. Lakini kofia moja ni saa tisa za kazi kuanzia kuosha hadi kufunga fundo la mwisho. 600 gawanya kwa tisa, haifiki 70 kwa saa. Basi ukiniambia nikupunguzie hadi 400, jua unapunguza vidole vya mtu, kondoo hana shida na wewe.

Sasa mwezi uliopita mambo yamekuwa mazito. Jirani mwenye trekta anataka kukodi malisho yote mawili apande viazi. Anatoa 15,000 kwa ekari kwa msimu, misimu miwili kwa mwaka. Hiyo ni 60,000 bila mama kuinama, na ya msimu wa kwanza inalipwa kwa mkono mmoja. Dada yangu mdogo ana karo. Shangazi akasema uza kondoo wote, sufu ni mapenzi ya wazee.

Nilikaa na daftari usiku mzima. Mwaka jana tuliuza kofia 61, hizo ni 36,600. Wanakondoo wanane kwa 5,000 kila mmoja, 40,000. Toa dawa ya minyoo, chumvi, mnyoaji na mengineyo, 12,000. Inabaki 64,600. Yaani kondoo wamemshinda jirani kwa 4,600 tu, na mama amefanya kazi mwaka mzima! Niliona aibu hata kumsomea.

Nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Hizo kofia 61 zimekula kondoo wangapi?" Nikapiga hesabu. Watano hawafiki. "Basi hao wengine tisa nawanyoa kwa nini?"

Wadau, mimi ndiye ninayesoma chuo kikuu. Nilikuwa nahesabu kondoo na ekari, yeye akahesabu magunia ya sufu yaliyorundikana stoo. Kwetu sufu imejaa, kinachopungua ni mikono na wanunuzi.

Basi imeamuliwa hivi. Ekari moja inakwenda kwa jirani, 30,000 kwa mwaka. Wanabaki kondoo saba wenye sufu nzuri kuliko wote, wanaotosha kofia 105. Kofia zikibaki 61, wanakondoo wakiwa wanne, na gharama zikishuka hadi 6,000, tunafika 80,600. Wale saba watakaouzwa ni karo ya dada.

Haikukosa uchungu. Mama alichagua mwenyewe ekari ya kulimwa. Ile ya bondeni yenye nyasi za mafungu hakuitoa, kwa sababu huko anaishi yule ndege mdogo wa kifua cha manjano ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya. Nyasi zile zikilimwa, ndege anahama, na Kinangop nzima inageuka viazi. "Huyo naye alipe kodi kwa nani?" alisema.

Kwa hiyo bei ni ile ile, 600. Anayetaka ya dhahabu aweke jina mapema, kwa sababu mwaka huu tunataka tuvuke 61. Na tafadhali, osheni kwa maji baridi. Kuna jamaa wa bloku yetu aliichemsha yake pamoja na soksi, sasa inamtosha mwanasesere.

Haya, kesho nina mtihani wa saa mbili asubuhi. Lala salama.