Mizani ya Volti

Mshairi ahesabuye mizani kwa vidole anaijua adha ya silabi moja iliyozidi. Kijana mmoja wa Musoma alipata adha hiyo kwa mizani ya volti, na zilizozidi hazikuwa na idadi.

Mamaye hukausha dagaa ufukoni. Jua likiwapo, mchanga na nyavu hutosha. Masika yakiingia dagaa huoza, na mkopo hubaki pale pale. Kijana akamjengea kaushio la mbao na nailoni, lenye feni na chipu ndogo ya kuiamuru feni iwake joto likizidi. Kipimajoto chake hutoa milivolti 10 kwa kila digrii. Chipu nayo huzigawa volti 5 katika ngazi 1024, kwa hiyo ngazi moja ni takriban milivolti 5, yaani nusu digrii. Ngazi kumi zikiruka bure, joto limekosewa digrii tano. Feni ikawa inawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi.

“Mwanangu,” mama aliuliza, “chombo chako chapima joto la dagaa au homa yake chenyewe?”

Swali lile lilizidi vitabu vingi. Alikichukua chombo hadi Bunda, kwa mjomba wake fundi redio, jirani na mashine ya kusaga. Kila mota ilipoanza, namba ziliruka zaidi. Kisha Butiama kwa bibi yake, ambako alitumia betri. Namba zikatulia, ila feni ilipozunguka zilitikisika. (Ni Butiama hiyo hiyo alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, aliyeifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, ikachapishwa 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya 1969. Kusoma mara moja hakukumtosha.)

Basi adui walikuwa zaidi ya mmoja. Waya wa hasi wa feni ulipewa njia yake hadi kwenye chanzo, usishirikiane na ule wa kipimajoto. Nyaya za kipimajoto zilifupishwa na kusokotwa pamoja. Kapasita ya nanofaradi 100 ikakaa karibu kabisa na mguu wa chipu. Yaliyosalia yalikuwa hesabu. Umeme wa gridi hupiga mawimbi 50 kwa sekunde, kila wimbi milisekunde 20. Ukisoma kwa vipindi sawa wimbi zima, mlima na bonde hufutana. Wastani wa masomo 16 hupunguza kelele za kubahatisha hadi robo. Lakini ruko moja la mota huuvuta wastani wote, kwa hiyo yapangwe kwanza matano matano na lichukuliwe la katikati. Na kama zile volti 5 kwa kweli ni 4.8, masomo yote 16 yatadanganya kwa sauti moja. Hapo hapana dawa ila kupima chanzo chenyewe.

Mwishowe feni iliamriwa iwake kwenye digrii 50, izime kwenye 45. Kwikwi ikakoma. Mama bado hutia mkono kaushioni kila asubuhi.