Mcheza Kwao

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika methali hiyo hamna siri: anayetunza huinuka mbele ya hadhara, mkono wake ukaonekana na watu wote, na aliyetunzwa akazidi kuupamba mchezo. Lakini uko mchezo mmoja ambao mchezaji wake wa kwanza anayejulikana kulipwa hakucheza kwao, na tuzo yake hadhara haikuiona. Iliandikwa katika karatasi ya hesabu, karatasi ikawekwa, na miongo ikapita. Mchezo huo ni futiboli ya Kimarekani, ule unaochezwa kwa mpira uliochongoka ncha mbili, na mikono ikitumika zaidi kuliko miguu.

Futiboli hiyo ililelewa na vyuo vikuu vya mashariki ya Marekani, Yale, Harvard na Princeton, na wachezaji wake wa mwanzo aghalabu walikuwa vijana wa watu wenye nafasi. Walipomaliza masomo walijiunga na klabu za miji, na klabu nazo zilikuwa chini ya Umoja wa Michezo ya Ridhaa ulioasisiwa mwaka 1888. Kanuni ya Umoja huo ilikuwa moja: muungwana hucheza kwa mapenzi, wala hachezi kwa ujira. Ridhaa ni neno zuri, lakini lilikuwa na masharti yasiyotamkwa. Kuridhika kucheza bure kulihitaji kwanza mtu awe ameshiba, na awe na Jumamosi isiyodaiwa na tajiri wake.

Klabu zilitaka ushindi, na ushindi ulitaka wachezaji hodari. Basi hila zikazaliwa. Mchezaji alipewa saa ya thamani kuwa ni zawadi, jambo lililoruhusiwa. Akaipeleka kwa mweka rehani akachukua fedha, klabu ikaikomboa saa ileile, na baada ya mchezo mwingine akazawadiwa tena. Hivyo saa moja iliweza kuzunguka msimu mzima, na kila aliyeulizwa akaapa kwamba hakuna aliyelipwa.

Katika hali hiyo klabu mbili hasimu zilikutana mwezi wa Oktoba 1892, moja ya Pittsburgh na nyingine ya Allegheny, mji uliokuwa ng'ambo ya mto. Zilitoka sare, 6 kwa 6. Baadaye ilibainika kwamba Pittsburgh ilimchezesha nahodha wa chuo kimoja kwa jina la uongo. Allegheny nayo ikatafuta dawa ya moto, na dawa hiyo iliitwa William Heffelfinger.

Heffelfinger alikuwa mzaliwa wa Minneapolis, pande la mtu, na sifa zake akiwa Yale zilikuwa zimeenea kila palipochezwa futiboli. Tarehe 12 Novemba 1892 alijitokeza uwanjani akiwa upande wa Allegheny pamoja na wageni wengine wawili. Wapinzani walipomtambua waligoma kucheza. Pakazuka mabishano marefu, na hatimaye ikakubaliwa kwamba mchezo uendelee ila madau yote yafutwe. Watazamaji waliokuwa wameweka fedha zao walinung'unika. Katika kipindi cha kwanza Heffelfinger alimpokonya mpinzani mpira, akakimbia nao hadi akavuka mstari. Bao la namna hiyo lilihesabiwa pointi 4 zama hizo. Hakuna jingine lililofungwa, na Allegheny ikashinda 4 kwa 0.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ya mtungi huu ilikuwa karatasi ya mweka hazina wa Allegheny, ambamo palitajwa kwamba Heffelfinger alilipwa dola 500 taslimu kwa kucheza, mbali ya nauli yake ya dola 25. Klabu yenyewe, baada ya gharama zote, ilibaki na faida ya dola 621.

Ili msomaji aupime uzito wa dola 500, na atazame kidogo ujirani. Huko Homestead, maili chache tu kutoka uwanjani, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Carnegie walikuwa katika mgogoro wa ujira tangu katikati ya mwaka, na tarehe 6 Julai walipambana na walinzi wa kukodiwa, watu wakafa pande zote mbili. Kibarua wa kawaida kiwandani alipata takriban senti 14 kwa saa. Dola 500 kwake zilikuwa ujira wa saa zaidi ya 3,500. Mgomo huo ulivunjika mwezi huohuo wa Novemba. Hivyo eneo moja lilishuhudia watu waliotaka ujira wao hadharani wakarudi nyumbani mikono mitupu, na mtu aliyepokea wake faraghani akarudi na heshima yake kamili.

Heffelfinger hakuwa na kosa la kuchukua fedha. Alifanya kazi, na kazi yake ilileta faida. Ubaya ulikuwa katika kulazimisha kazi iitwe mapenzi, ili aliye na haja ya ujira aonekane duni kuliko asiye na haja nao. Alifariki mwaka 1954, jina lake likihusishwa na ushujaa wa Yale, si na dola 500.

Kwa muda wote huo sifa ya kuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa ilikuwa ya mtu mwingine. Mwezi wa Septemba 1895, katika mji mdogo wa Latrobe, Pennsylvania, kijana John Brallier alikubali kuichezea timu ya mji kwa dola 10 na gharama zake. Latrobe ikaifunga Jeannette 12 kwa 0. Brallier alikuja kuwa tabibu wa meno, na hakuona haya kuwasimulia watu zile dola kumi zake. Kwa kuwa alisema, akaaminiwa. Na aliyemtangulia kwa miaka mitatu hakujulikana mpaka karatasi ilipoibuka.

Lakini si kila aliyetenda waziwazi alipata cheko la Brallier. Jim Thorpe, mwenyeji asilia wa Marekani wa taifa la Sac and Fox, alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912, za pentathloni na dekathloni. Mwaka 1913 ilijulikana kwamba mwaka 1909 na 1910 alicheza besiboli huko North Carolina kwa malipo madogo. Vijana wengi wa vyuo walifanya hivyohivyo wakati wa likizo, lakini walijificha kwa majina ya kubuni. Thorpe alitumia jina lake. Kwa unyofu huo akavuliwa medali zote mbili, na jina lake likafutwa katika orodha ya washindi.

Hapo ndipo bei ya ridhaa ilipodhihiri. Kanuni iliyotungwa ili kulinda uungwana ilimwacha salama aliyejua kuficha, ikamwangukia asiyejua. Na asiyejua, mara nyingi, ni yule ambaye hakulelewa katika nyumba ambamo hila hizo hufundishwa.

Thorpe akageukia futiboli. Mwaka 1915 timu ya Canton, Ohio, ilimlipa dola 250 kwa kila mchezo, na safari hii kila mtu alijua. Tarehe 17 Septemba 1920 wenye timu walikutana mjini humo, katika duka la magari la Ralph Hay, wakaunda chama cha wachezaji wa kulipwa wakiwa wamekaa katikati ya magari yaliyokuwa yakiuzwa. Walimchagua Thorpe awe rais, kwani hapakuwa na jina kubwa kuliko lake. Mwaka 1922 chama hicho kikaitwa NFL, jina ambalo kimebaki nalo.

Thorpe alifariki mwaka 1953 bila ya kurudishiwa medali. Mwaka 1982 iliamuliwa kwamba familia yake ipewe nakala, naye akatajwa kuwa mshindi pamoja na wale waliokuwa wamewekwa mahali pake. Na ni mwaka 2022 tu alipotambuliwa tena kuwa mshindi pekee.

Canton leo ina jumba la kumbukumbu la futiboli ya kulipwa, lililofunguliwa mwaka 1963. Ndani yake imo karatasi ya Allegheny, ambayo wenye jumba huiita cheti cha kuzaliwa cha mchezo wao. Imo pia sanamu ya shaba ya Thorpe, ndefu kuliko mtu, mpira ukiwa mkononi. Mgeni anayeingia hukutana kwanza na sanamu, kisha karatasi huitafuta mwenyewe.