Ndinga ya Umeme na Njia ya Tabora: Jamaa Abadilishe au Abaki Nayo?

Kuna jamaa mmoja mjini, mzaliwa wa Tabora, ana miaka kama 38 hivi. Kazi yake ni kutoa mizigo bandarini Dar, na mambo yake si mabaya. Mtaani kwake wanamjua kwa kitu kimoja: ndinga ya umeme. Audi e-tron ya 2019, nyeusi, haina mlio. Ikipita watoto wanageuka, ikisimama watu wazima wanauliza, "Hii wese unaweka wapi?" Naye anacheka, anaonyesha mita ya LUKU.

Kiukweli hesabu yake ya mjini imekaa vizuri. Betri ya gari ile inatumika kama uniti 86. Ukipiga kwa shilingi 350 hivi kwa uniti pamoja na kodi zake, kujaza ni kama elfu 30. Kwa hiyo elfu 30 anatembea kilomita 330 kwa uendeshaji wake yeye, kiyoyozi kikiwa kinapuliza. Gari la petroli la ukubwa ule, wese likiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, lingemla karibu laki. Analala, gari linachaji, asubuhi anaamka limejaa. Nani hataki maisha hayo?

Sasa juzi kati akapigiwa simu na mtu wa magari. Kuna toleo jipya zaidi limepatikana, Q8 e-tron ya 2023. Gari ni lile lile ila limebadilishwa jina na kuongezewa nguvu. Betri ya zamani ilikuwa uniti 95 ukihesabu yote, hii ni 114. Ya zamani kwenye makaratasi ya kiwanda inakwenda kama kilomita 436, hii inafika 582. Alete gari lake, aongeze milioni 90, aondoke na mpya.

Milioni 90 si pesa ya kuokota. Lakini jamaa alisema ndiyo ndani ya dakika 5, hata kabla hajamwambia mke wake. Watu wa karibu walidhani ni sifa tu za mjini. Haikuwa sifa, na hapo ndipo stori yenyewe inapoanzia.

Mwaka jana, saa kumi usiku, simu iliita. Dada yake kutoka Tabora. Mzee amefariki.

Si unajua mazishi ya Kiislamu, hayangoji. Dada akamwambia, "Kaka, njoo. Tutajitahidi tukusubiri hadi jioni." Ndege aliambiwa imejaa. Akaangalia gari, betri iko asilimia 61. Akili ya mtu aliyefiwa haipigi hesabu. Akawasha akaondoka, kichwani anajiambia atachaji Morogoro, atachaji Dodoma, atafika.

Dar hadi Tabora kwa kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi ni zaidi ya kilomita 800. Morogoro peke yake ni kama 190. Aliingia Morogoro saa mbili asubuhi na asilimia 4. Yaani gari linamuonya kwa taa, kwa sauti, kwa kila kitu.

Akaenda kwa mshkaji wake, wakachomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya kuchomekea pasi. Soketi kama hiyo, kwa chaja aliyokuwa nayo, inatoa kama uniti 2 na kidogo kwa saa. Alikaa pale saa nne nzima, anatembea uani, anaangalia namba. Saa sita mchana betri ikasoma asilimia 14. Ndiyo hiyo tu. Kilomita kama 45 za kutembea, na mbele yake zimebaki zaidi ya 600.

Dada akapiga. "Kaka, umefika wapi?"

"Morogoro."

Kimya. Halafu dada akasema taratibu, "Haya kaka. Mungu akufikishe salama." Hakulaumu. Afadhali angelaumu.

Gari aliliacha kwa mshkaji, akakimbilia Msamvu, akapanda basi la Dodoma, kutoka Dodoma akaunga na Noah ya kukodi. Alifika Tabora saa sita usiku. Mzee alishazikwa kabla ya Magharibi. Akapelekwa kaburini kwa tochi ya simu, udongo bado mbichi.

Sasa umeelewa kwa nini alisema ndiyo kwa dakika 5? Aliposikia kilomita 582, hakusikia gari. Alisikia kwamba siku nyingine hatachelewa. Mama bado yupo. Mama ana miaka 70 na kitu, presha inapanda na kushuka. Kila simu ya usiku inamrusha kitandani.

Mke wake alipoambiwa hakupiga kelele. Ni mwalimu wa hesabu, kelele hana. Alichukua karatasi.

"Baba watoto, gari lako la sasa makaratasi yanasema 436. Wewe unapata ngapi?"

"330."

"Kwa hiyo unapata kama robo tatu. Hilo jipya 582, robo tatu yake ni kama 440. Dodoma ni ngapi?"

"Kama 450."

Mke akanyamaza kidogo, akaendelea. "Sasa tuchukue siku ile ile. Betri asilimia 61. Kwa gari jipya hiyo ni kama kilomita 268. Morogoro ungepita. Ungekwamia Dumila kwenye nyanya."

Dah. Jamaa alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. Mke akamsogelea, akamwambia kitu ambacho alikuwa hajawahi kukisema. "Siku ile hukuchelewa kwa sababu ya betri. Ulikuwa hujaenda kwenu miaka mitatu."

Hapo hakuna aliyelala mapema.

Tuwe wakweli, gari jipya lina hoja zake. Betri kubwa ni betri kubwa. Kuchaji kwa haraka limepanda kutoka kilowati 150 hadi 170. Dhamana ya kiwanda ya betri, kule linakouzwa rasmi, ni miaka 8 au kilomita 160,000, kwa hiyo gari la 2019 linaisha muda wake 2027. Ukingoja zaidi, la zamani bei inashuka na wewe unabaki nalo. Mtu wa magari hakumdanganya kwenye hayo.

Lakini kuna upande wa pili. Kuchaji kwa kilowati 170 kunataka mashine ya kutoa hizo kilowati 170. Nyumbani kwake ana chaja ya ukutani ya kilowati 7 na pointi. Gari jipya kwenye chaja hiyo litakaa karibu saa 14 au 15 kujaa, la zamani kama saa 12. Maana yake nguvu mpya anayoilipia, kwa njia anayotaka kuitumia, inakaa tu ndani ya gari haina pa kutokea. Halafu kuna hili: kiwanda cha Brussels kilichokuwa kinaunda gari hilo kilifungwa Februari 2025. Toleo "jipya" ni jipya kwake yeye. Kwa wenyewe limeshakuwa la mwisho.

Akaomba wiki mbili za kufikiri. Katikati ya wiki hizo akaamua kwenda Tabora. Si kwa msiba, si kwa sikukuu. Kwenda tu. Na gari akaliacha nyumbani.

Alipanda treni ya SGR ya alfajiri. Treni hii ilianza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Chini ya saa nne alikuwa ameshuka Dodoma. Akiwa dirishani Morogoro inapita, akagundua kitu kilichomchoma: na hii nayo ni ya umeme. Tena haijabeba betri ya kuhangaika nayo. Waya uko juu yake njia nzima, inakula inapotembea. Siku ile ya msiba treni hii ilikuwepo. Angeipanda, akaunga Noah Dodoma, zimebaki kilomita kama 385, kwenye saa kumi jioni angekuwa Tabora. Angemzika baba yake.

Hakulia. Alikaa tu akiangalia nje.

Reli mpya bado inajengwa kwenda Tabora, kwa hiyo kutoka Dodoma aliunga basi. Alifika kwa mama pale Isevya, mama yuko barazani anachambua karanga. Mama hakumuuliza gari. Alimshika mkono, akaukagua kama wa mtoto, akasema, "Umekonda, mwanangu." Usiku wakala ugali na uyoga wa kukausha, asubuhi chai na michembe. Siku tatu alikuwa mtoto wa mtu.

Siku ya pili baba yake mdogo alimchukua wakaenda Kwihara, pale ilipo nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Jamaa amezaliwa Tabora na mara ya mwisho kufika pale ilikuwa darasa la tano. Wakakaa chini ya mwembe. Akamweleza mzee habari ya gari, betri, kilomita, milioni 90. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Wewe babu zako walikuwa wapagazi," mzee akasema. "Mnyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi kutoka hapa hadi Bagamoyo, anakwenda anarudi. Unadhani kulikuwa na mpagazi aliyetoka Bagamoyo amebeba maji ya kumfikisha Tabora?"

"Hapana, baba."

"Basi. Walijua maji yako wapi, wanalala kwa nani, chakula wananunua wapi. Mzungu Burton alitoka pwani 1857 akatumia siku 134 kufika hapa. Alifika kwa sababu njia ilikuwa na watu. Wewe unataka kununua mtungi mkubwa. Njiani umeweka nani?"

Jamaa hakuwa na jibu. Miaka mitatu hajaja. Dodoma hana hata mtu wa kumpigia simu. Manyoni hamjui mtu. Mshkaji wa Morogoro mwenyewe, kabla ya siku ile, hawakuwa wameongea mwaka mzima.

Kurudi nyumbani akamwita fundi wa umeme. Waya za nyumba ya mzee zilikuwa za zamani, zikabadilishwa zote, ikawekwa sehemu ya kuchajia ukutani ya kilowati 7 kama ya kwake Dar. Mama akauliza hicho kisanduku ni cha nini. "Cha gari, mama. Siku nikija nalo." Mama akasema, "Weka. Lakini usiache kuja kwa sababu ya gari. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anauliza umekuja lini. Hakuuliza hata siku moja umekuja na nini."

Aliporudi Dar akampigia mtu wa magari. Akamwambia asante, kwa sasa hapana.

Milioni 90 hazikuisha zote kwenye busara, tusidanganyane. Sehemu ndogo imekwenda kwenye nyumba ya mama, nyingine imerudi kwenye biashara. Gari la 2019 bado linapita mtaani bila mlio na watoto bado wanageuka. Likifika 2027 dhamana ikiisha atapiga hesabu upya, na anasema huenda akabadilisha. Hajafunga mlango. Kilichobadilika ni kwamba hesabu hiyo sasa ni ya gari tu. Haina tena baba ndani yake.

Na kila baada ya miezi miwili anapanda treni ya alfajiri na begi dogo. Mshkaji wa Morogoro anapigiwa simu treni ikipita. Dodoma amepata dereva wa Noah wa kuaminika, namba yake iko kwenye simu ya jamaa, ya mke na ya dada. Simu ya usiku ikiita bado moyo unamruka, hilo halijaisha. Ila sasa anajua hatua ya kwanza ni ipi, na ya pili, na ya tatu.

Wewe mdau, kwenu ni wapi na mara ya mwisho ulienda lini? Na ungekuwa wewe, milioni 90 ile ungeongeza uchukue chuma kipya au ungebaki na cha zamani? Dondosha maoni hapo chini, lakini kwanza piga simu nyumbani.