Maneno ya Julai, Maneno ya Agosti



Ndugu yangu msomaji, leo sikusemi wewe. Najisema mwenyewe.

Mwaka 2015, hapa Bariadi, baada ya swala ya alasiri tulikuwa tunakaa kwa muuza kahawa. Moyo wangu ulikuwa CCM, ingawa mimbarini sitaji chama. Jirani yangu, mkulima wa pamba, alikuwa Chadema wa damu. Kila siku yeye: Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa Richmond, unataka ushahidi gani tena? Mimi namjibu: hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Julai CCM wakamkata jina. Tarehe 28 akatangaza kuhamia Chadema.

Haikufika wiki. Jirani ndiye akawa anauliza, mahakama gani ilimtia hatiani? Na mimi namwambia, kumbe Richmond mmeisahau! Maneno yaleyale, tumebadilishana kama watu waliokosea kanzu msikitini, na kila mmoja mkali kuliko mwanzo. Ushahidi mpya haukuja. Aliyehama ni mtu tu.

Tunadhani tunapima jambo kwanza, ndipo tunachagua upande. Mara nyingi moyo hutangulia kwenda waliko wenzetu, kisha akili huitwa kama wakili. Wakili haulizi kama mteja wake ana kosa. Masheikh wetu huiita taasubi. Na usidhani elimu ya dini inakinga. Suratul Maida aya ya 8, inayotuamuru tuwatendee uadilifu hata tunaowachukia, nilikuwa naidarsisha. Elimu ilinizidishia hoja tu.

Kijana wa madrasa akaniuliza, "Shekhe, mbona mwezi uliopita ulisema vingine?" Nikamkemea kwamba hana adabu. Adabu alikuwa nayo. Mimi ndiye sikuwa na jibu.

Septemba jirani akafiwa na mama yake. Niliswalisha jeneza, nikaondoka bila kumpa mkono. Hilo ndilo linaloniuma, siyo uchaguzi.

Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Nilisikia redioni, na kabla chai haijapoa nikajikuta namtafutia maneno mazuri. Niliona aibu nikiwa peke yangu chumbani. Nikavaa kofia, nikaenda kwa jirani.

Alikuwa anaosha bomba la dawa ya pamba. "Mwangaluka," nikamwambia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Hakunikaribisha kiti. Nikavuta kigoda mwenyewe, nikaketi, nikaanza na habari ya mama yake.