Kazi Haba

Msomaji, huenda nawe umefika umri ule ambao kila mtu mzima akikutana nawe hukuuliza utafanya kazi gani. Mimi naliulizwa sana, wala sikuwa na jawabu. Nalizaliwa Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi na wanawake wasuka mikeka. Mtoto wa kiume hakuwaza mbali: asubuhi alisikia tezo zikilia pwani, akazifuata.

Baba alipofariki, ami yangu alinichukua niwe mwanagenzi wake. Tezo alininyima muda mrefu. Kwanza nalifundishwa kutazama. Fundi wa kwetu hachori chombo katika karatasi, chombo kizima kimo kichwani mwake. Akitaka taruma, yaani ubavu wa chombo, hatafuti mti ulionyoka, bali tawi lililokua na kombo lile lile analolihitaji. Mbao zikisha kupigiliwa huja kalafati: kushindilia pamba iliyotiwa mafuta baina ya ubao na ubao, ufa kwa ufa, hata chombo kiishe. Hiyo ndiyo kazi naliyopewa, nayo huchosha mabega kuliko zote.

Mwaka 2010 ikaja barua ya kuniita chuo cha ualimu, miaka miwili, mbali na kwetu. Nalikaa nayo mfukoni siku nne. Ami hakuwa na mtoto wa kiume, na macho yake yalikwisha kuanza kufifia. Siku ya tano nalimpa. Aliigeuza geuza, akasema, "Nisomee, mwanangu." Nikasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Vema imekuja. Kazi ni haba mwaka huu, nami nalikuwa nikiwaza nitakwambiaje. Sina cha kukupa. Nenda."

Nakiri kuwa maneno yale yaliniuma. Nalidhani nimefukuzwa, na kwa siri nikafurahi kufukuzwa, maana sasa lawama haikuwa yangu. Mama alinipa fedha za karo, akasema ni za mikeka. Nikavuka hadi Mokowe, nikapanda basi.

Naliporudi na cheti changu, fundi mmoja jirani alinieleza, akidhani najua. Juma lile lile la barua, ami alikuwa amepokea arubuni ya jahazi kubwa. Alilijenga na kijana wa kukodi asiyejua kazi, likachelewa miezi mingi, na mwenyewe akapunguza bei. Karo yangu ilitoka katika arubuni ile. Leo nafundisha watoto hesabu, walakini wakati ule sikuifanya hesabu ndogo kabisa: ni mikeka mingapi ingetosha kulipa karo?

Nalimwendea, nikamwamkia, nikamwuliza. Alijibu bila kuinua uso, "Kazi ilikuwa haba," akaniomba nimsogezee nyundo.

Nisikudanganye, msomaji, kwamba nina hakika nalichagua vema. Ualimu naupenda. Hata hivyo, siku nyingine darasani, mtoto akikosea jibu, nakumbuka kuwa mahali fulani pwani pana mtu mwenye elimu isiyoandikwa po pote, na aliyetazamiwa kuirithi ni mimi. Wanafunzi wangu wananiuliza kama waende bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, au wabaki na vyombo vya baba zao, ambavyo sasa vinashindana na mashua za faiba. Mimi huwauliza kwanza ni nani nyumbani atakayebeba mzigo wakiondoka. Wengine hukasirika. Huenda ni swali gumu mno kwa umri wao. Mimi sikuulizwa, na mzigo ulibebwa vivyo hivyo.

Kila likizo nashuka pwani. Ami hazioni nyufa tena. Mimi hushindilia pamba, naye hunifuata nyuma akipitisha vidole juu ya kazi yangu. Palipolegea hagombi, hugonga ubao mara mbili kwa kidole, nami narudi.